Mwaka Daktari Alipokuja Kutukagua

Mwaka jana, masika yakielekea mwisho, tulimzika Daktari Adelina kule Kilosa. Nilifika mapema nikakaa nyuma upande wa wanawake, karibu na waliokuwa wakipika, maana hapo hakuna anayekutazama. Wasemaji walikuwa wengi. Mmoja alisema marehemu alikuwa mfanyabiashara hodari, aliyefungua zahanati wakati wenzake wanaogopa. Mwingine akasema la, alikuwa mtumishi wa serikali, na serikali ilimwita si mara moja. Wa tatu, mzee mmoja mwenye utani, alisema Daktari alikuwa na kofia mbili, akivua hii anavaa ile, na hapa duniani hakuna aliyewahi kumkuta amezivaa zote kwa pamoja. Watu wakacheka kile kicheko kifupi cha msibani. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona siku moja amezivaa zote mbili. Kijana aliyekuwa akiongoza shughuli alinisogelea akaniinamia: "Mama, nasikia ulifanya naye kazi Mikumi. Njoo useme mawili matatu." Nilitikisa kichwa. Katika maisha yangu nimesema mbele za watu mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo ninayoiandika hapa, taratibu, kwa kuwa ndivyo ninavyoandika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la saba, na Daktari Adelina alikuwa amenichukua nikae mapokezi kwenye zahanati yake ya Mikumi. Ilikuwa nyumba ya kawaida nyuma ya barabara kuu, imegeuzwa. Sebuleni ndipo nilipokaa mimi na meza yangu, na wagonjwa kwenye mabenchi mawili. Chumba cha kwanza kilikuwa cha daktari, cha pili cha mapumziko, chenye vitanda viwili. Maabara ilikuwa jikoni zamani. Walipaka chokaa mara tatu, lakini siku za mvua ukuta ulitoa unyevu na masizi ya mama aliyepika humo kabla yetu yakajitokeza kama kivuli. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Mgonjwa huja na daftari lake la shule, lile dogo la kununua dukani, nami naandika jina, umri na anakotoka juu ya jalada, kisha naandika hayo hayo kwenye rejista kubwa yenye safu nyingi. Festo, mtu wa maabara, alikuwa akinitania kila asubuhi: "Rehema, huyo mgonjwa atapona kabla hujamaliza jina lake." Lakini mwandiko wangu ulisomeka, na Daktari aliwahi kumwambia mbele yangu, "Mwache. Wewe unaandika haraka, halafu mwenyewe unakuja kuniuliza umeandika nini."

Saa nne tulikuwa tunakunywa chai pamoja uani, na mihogo ya kuchemsha au maandazi ya jirani, na hapo ndipo nilipojifunza mambo ya zahanati, kwa kusikiliza. Nilijua, kwa mfano, kwamba hadubini yetu haikuwa yetu peke yetu. Daktari alipoanza hakuwa na uwezo wa kuinunua, na rafiki yake waliyesoma naye, Tabibu Salehe, alikuwa anafungua zahanati yake Kidodi naye hana. Wakanunua moja kwa ubia na kugawana siku. Jumatatu, Jumanne na Jumatano ilikuwa Mikumi. Alhamisi mpaka Jumamosi ilikuwa Kidodi. Kila Jumatano alasiri niliifunga kwa kitenge, nikaipakata kwenye basi la kwenda Kidodi, nikalala kwa mke wa Salehe, na Alhamisi asubuhi nikarudi na mikono mitupu. Jumamosi jioni mtu wao aliirudisha. Kwa sababu ya kile kitenge Festo aliiita bibi harusi. "Bibi harusi amefika salama?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kila Alhamisi.

Utaratibu wa wakati ule ulitaka kila maabara iwe na hadubini yake. Kwa hiyo kulikuwa na namna ya kuwapokea wakaguzi kutoka wilayani, na namna hiyo aliibuni Daktari mwenyewe. Wakaguzi walikuwa wakianzia Mikumi, kisha wanashuka Kidodi siku hiyo hiyo. Gari lao likionekana tu, jogoo wa kienyeji anachinjwa na kuwekwa jikoni, kule uani. Si kabla, ni wakati huo. Wakague, waione hadubini mezani, waandike kwamba ipo, halafu waambiwe chakula kinakaribia. Jogoo wa kienyeji haharakishwi. Wakati wanaongea na kungoja, bibi harusi anatoka mlango wa nyuma, anapanda basi, na wao wakifika Kidodi na matumbo yao yameshiba wanamkuta amekaa mezani kwa Salehe kana kwamba amezaliwa pale. Wapishi tulijua kwamba kuni zikiwaka sana ni kosa. Nilikuwa naliona jambo la kuchekesha, na nadhani wote tuliliona hivyo. Hakuna aliyeona kama tunamwibia mtu.

Mwaka ninaousema ulianza na barua. Serikali ilimwita Daktari ofisi ya afya ya wilaya, Kilosa, awe mmoja wa wanaosimamia zahanati na maduka ya dawa. Alikaa na barua hiyo wiki nzima. Nilimsikia kupitia ukuta akimwambia Mzee Kanuti, tabibu mstaafu aliyekuwa akimsaidia, "Nimelalamika miaka yote kwamba wanaotukagua hawajui kazi yetu. Sasa wananiambia njoo wewe unayejua. Nitajibu nini?" Mzee Kanuti akasema, "Jibu una zahanati." Daktari akasema, "Zahanati utaishika wewe." Basi ikawa hivyo. Jina lake lilifutwa kwenye kibao kwa rangi nyeupe, ingawa jua likipiga upande lilisomeka bado chini ya rangi. Mji mzima ulifurahi kwa niaba yetu. Mama aliyekuwa akituuzia maandazi alisema, "Nyie sasa mmelala usingizi. Nani wa kuwagusa? Kesi ya nyani, hakimu ngedere!" Festo alicheka mpaka akamwaga chai. Mzee Kanuti hakucheka, lakini alivaa uso wa mtu aliyeshiba.

Nashipai alikuja mara ya kwanza Alhamisi, miezi michache baadaye. Alikuwa wa rika langu, wa familia ya wafugaji waliokuwa wakichunga mbondeni, na alikuwa na ujauzito wa miezi mitano. Wafugaji walikuwa wakija mjini Alhamisi kwa sababu ndiyo siku ya mnada wa ng'ombe. Mume anakwenda mnadani, mwenye kuumwa anapitishwa kwetu. Alikuwa na homa kali na maumivu ya kichwa. Mzee Kanuti alimshika paji la uso, akamwangalia macho, akasema malaria, akampa dawa. Kwenye safu ya maabara niliacha wazi, kwa kuwa Alhamisi hatukuwa na cha kupimia. Siku chache homa ikamwacha, na mume wake akatuletea maziwa kwenye kibuyu kutushukuru. Baada ya wiki mbili, Alhamisi, amerudi. Homa ile ile. Mzee Kanuti akasema malaria ya huku ni sugu, akabadilisha dawa. Homa ikaondoka tena. Mara ya tatu hakuweza kungoja mnada. Mumewe alimleta Jumatatu, amemkalisha nyuma ya baiskeli na kumfunga kwake kwa shuka asianguke.

Kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, Festo alichukua damu. Nakumbuka alivyoinama kwenye hadubini, akasogeza kioo, akainama tena, kisha akamwita Mzee Kanuti kwa sauti ndogo. Nami nikachungulia baada yao. Kati ya chembe za damu kulikuwa na vinyuzi vyembamba vilivyojipinda, vinacheza. "Homa ya papasi," Festo akasema. Papasi ni wadudu wanaokaa kwenye nyufa za nyumba za udongo na kuuma watu walalapo. Homa yao huja na kuondoka na kurudi, na dawa ya malaria haiigusi. Inayoigusa ilikuwa kabatini kwetu muda wote. Alichomwa sindano siku hiyo hiyo. Homa ilishuka, lakini mimba haikukaa. Ilitoka Jumanne asubuhi kwenye chumba chetu cha mapumziko, na mimi ndiye niliyebadilisha shuka. Nashipai alikuwa ameelekea ukutani. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Dada, zile dawa za kwanza zilikuwa za nini?" Nilikuwa nimeshika beseni. Nilisema, "Pumzika," nikatoka.

Swali lile halikunitoka. Wiki hiyo, wakati wa mchana wagonjwa wakipungua, nilifungua rejista nikaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka tu kuona nilivyoliandika jina la Nashipai. Lakini ukipitisha kidole kwenye safu ya maabara unaona. Majina ya wafugaji yalikuwa Alhamisi, karibu yote, na mbele ya Alhamisi hakuna kilichoandikwa. Jumatatu, Jumanne na Jumatano watu wa mjini, madereva na wenye maduka, wamepimwa. Wale wa mbondeni, mwaka mzima, wametibiwa kwa kushikwa paji la uso. Nilimwonyesha Festo. Alitazama, akakuna shingo, akasema, "Ni kweli. Lakini sasa ukisema, unamwambia nani? Mzee atakufukuza, na maabara ikifungwa mimi nakula nini? Wewe andika majina tu, Rehema." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na mke na mtoto mchanga. Nami nilikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine Mikumi angenipa, na mwanamke aliyenipa kazi hiyo ndiye mwenye zahanati. Nikafunga rejista. Nilikaa hivyo wiki tano, nikiandika majina, na kila Alhamisi naacha safu ile wazi kwa mkono wangu mwenyewe.

Habari ya ukaguzi ililetwa na dereva wa basi Jumatatu: wanakuja kesho, na anayeongoza ni Daktari Adelina. Mzee Kanuti alifurahi. "Anakuja kuona nyumba yake," alisema, lakini jogoo akafungwa uani vilevile, kwa mazoea. Gari lilifika Jumanne saa tano, limejaa vumbi la njia ya vijiji vya Zombo na Ulaya. Akashuka Daktari, kijana mmoja mfamasia wa ofisini kwao mwenye ubao wa kuandikia, na dereva. Daktari alisimama kizingitini pa mlango alioununua mwenyewe, akapiga hodi.

"Karibu nyumbani, Daktari!" Mzee Kanuti akasema.

"Shikamoo, mzee. Leo si nyumbani, leo ni kazini."

"Marahaba. Haya, karibu kazini nyumbani."

Wakacheka kidogo wote wawili. Alikagua kila kitu kwa utaratibu, kabati kwa kabati, akisoma tarehe za dawa kwa sauti na yule kijana akiandika. Maabarani alikaa zaidi. Aliitazama hadubini, akagusa meza, akatazama ukuta wenye kivuli cha masizi. Kijana akaandika kwamba hadubini ipo. Nilikuwa uani nimemweka jogoo jikoni, na kupitia dirishani nilimwona Festo amesimama karibu na mlango wa nyuma, kitenge mkononi.

Walipotoka uani Mzee Kanuti akasema chakula kinakaribia, leo ni jogoo wa kienyeji. Yule kijana akasugua mikono. "Hapo sasa ndipo penye ukaguzi wenyewe," akasema, na dereva akacheka. Daktari hakukaa. Aliitazama sufuria, akaniangalia mimi.

"Rehema, umemweka jikoni saa ngapi?"

"Mlipofika, Daktari."

Akaguna, kama mtu aliyekutana na nguo yake ya zamani imevaliwa na mwingine. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kawaida: "Na hadubini leo inalala wapi?"

"Ilale wapi tena, Daktari?" Mzee Kanuti akawahi. "Si hapa hapa."

"Nimemuuliza Rehema, mzee."

Watu wote wakanigeukia. Nilisikia basi likipiga honi stendi, nalo ndilo lililokuwa limpeleke bibi harusi. Nimejiuliza mara nyingi kama Daktari alitaka nimwambie ukweli au alitaka nimsaidie kuuficha. Nadhani hata yeye hakujua mpaka niliposema. Nilisema, "Kidodi." Sauti ilitoka ndogo, na kijana akauliza, "Wapi?" Nikarudia. Na nikiwa nimekwisha kusema neno moja, yaliyobaki yalitoka yenyewe: kwamba kila Alhamisi nayo inakuwa Kidodi, na Alhamisi ndipo wafugaji wanapokuja, na hawajapimwa mwaka mzima. Mzee Kanuti alisema, "Mtoto huyu!" Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani kuleta rejista, kwa sababu kuieleza nisingeweza, lakini kuionyesha ningeweza.

Daktari aliisoma amesimama. Alifungua kurasa taratibu, kidole kikishuka kwenye ile safu kama changu kilivyoshuka. Alipofika kwa Nashipai alisoma mpaka mwisho wa mstari, ambako nilikuwa nimeandika kilichotokea Jumanne ile. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa maneno. Kisha akasema, si kwetu hasa, "Siku tuliyogawana siku mimi na Salehe tulikuwa tumekaa nje kwake tunakula miwa. Yeye alitaka mwisho wa wiki kwa sababu ya malipo ya wakulima wake. Nikasema chukua. Hakuna aliyeuliza mnada ni lini."

Akamgeukia kijana. "Futa pale ulipoandika ipo."

"Daktari," kijana akasema taratibu, "hii si ndiyo ya kwako?"

"Ilikuwa yangu. Futa."

"Watasema..."

"Watasema nimeifunga maabara yangu ili nisifiwe, na nisingeifunga wangesema nimejilinda. Andika: maabara imefungwa mpaka itakapokuwa na hadubini yake. Hii iliyopo iende Kidodi ibaki moja kwa moja. Kule mgonjwa akikosa kipimo anatafuta basi. Hapa anavuka barabara tu kwenda kituo cha afya cha serikali." Akamwambia Mzee Kanuti, kwa heshima, "Mzee, wewe hukukosea. Ulifanya nilivyokufundisha."

Mzee Kanuti alijibu kitu kimoja tu: "Basi uwe umenifundisha vizuri zaidi." Nadhani hilo lilimuuma Daktari kuliko lolote.

Hawakungoja jogoo. Daktari alisema nipande gari lao na hadubini, maana nimeizoea, na njia nzima ya Kidodi niliipakata nyuma huku malori ya miwa yakitupisha. Tulipokaribia alizungumza bila kugeuka. "Uliligundua lini?" Nikasema tangu Nashipai. "Mbona hukuniletea habari Kilosa?" Nilifikiri nijibu kwamba ni mbali, au kwamba niliogopa, na yote yalikuwa kweli. Nikasema, "Hakuna aliyeniuliza, Daktari." Akamwonyesha dereva njia ya kwa Salehe.

Yeye alibaki serikalini miaka miwili zaidi, kisha akarudi kwenye biashara, akaitwa tena, akarudi tena. Wengine mtamjua kwa hayo. Watu walisema aliyotabiri kwamba watasema. Mimi nimekuja kuona kwamba aliporudi kufungua maabara upya, jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa bei ya vifaa bali siku ambazo watu wanakuja na wanakotoka, na alikaa na rejista zangu siku mbili kabla hajanunua chochote. Lakini hayo ni ya miaka mingine. Mwaka ule ulikuwa bado una wiki zake. Festo alifuata hadubini Kidodi, akapata kazi kwa Salehe, akaniaga bila utani. Mzee Kanuti aliendelea kutibu na aliitikia shikamoo yangu kwa kichwa tu.

Alhamisi ya kwanza baada ya ukaguzi nilisimama mlangoni tangu asubuhi, kama Daktari alivyoagiza, kuwaambia wanaotoka mnadani wavuke kwenda kituo cha afya. Kumwambia kila anayepita jambo lile lile, mmoja mmoja, kulinitoa jasho. Akaja mzee mmoja mfugaji, fimbo mabegani, na binti yake nyuma amejifunika shuka, anatetemeka kwa homa. Nilimwamkia, akaniitikia. Nikasema, "Samahani mzee, maabara yetu imefungwa."

Alinitazama, akautazama mlango, akauliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia:

"Imefungwa? Kwani ilikuwa wazi?"

Nilisema, "Hapana, mzee. Haikuwa wazi." Kisha nikamshika binti mkono, nikawavusha barabara mwenyewe, nikakaa nao kwenye benchi la kituo mpaka alipochukuliwa damu.